Picha Arobaini na Tatu za Mama Mlangoni

Alhamisi saa nne asubuhi Sindano alikuwa anafumua kola ya shati la shule aliyoishona vibaya jana yake. Simu ilikuwa imefukiwa chini ya vitambaa. Iliita mpaka ikakatika, ikaita tena. Aliyepiga alikuwa Printa, dada wa duka la kuchapisha lililo mkabala na nyumba ya kaka yake, upande wa pili wa mji.

"Dada Sindano, uko wapi?"

"Nitakuwa wapi siku ya kazi? Niko kwenye cherehani."

"Umekaa?"

"Kazi yangu ni kukaa. Sema."

Ilisikika sauti ya Printa akivuta kamasi. Kisha akaeleza kwamba alikuwa amempelekea mzee flashi yake, akabisha hodi sana, jirani akaja kusukuma mlango. Walimkuta mezani, kichwa kimelalia mkono wa kushoto, kompyuta inawaka. Walidhani amesinzia.

"Mkamwamsha?"

"Tulimwamsha, dada. Daktari wa zahanati ameshafika. Mzee ametutoka."

Sindano akasema, "Sawa." Alilisema kama anavyowaambia wateja wanaotaka suruali ipunguzwe. Mguu wake ukaendelea kukanyaga pedali na cherehani ikashona hewa, bila kitambaa, mpaka mwanamke wa duka la pili akachungulia kuuliza kulikoni. Wazo la kwanza lililomjia, ambalo baadaye alimwomba Mungu msamaha kwa ajili yake, halikuwa la kaka yake. Aliwaza: mkono wa Mama haujachorwa.

Kaka yake mtaani walimwita Rangi Mbili. Kwa miaka thelathini na mmoja alichora mabango: ya vinyozi, ya maduka ya dawa, ya gereji, na lile refu la kanisani lenye saa za ibada. Yote kwa nyekundu na bluu. Mteja akiomba kijani, alimwambia kijani akakitafute shambani. Alipokuwa anaanza kazi alikuwa na ubao mmoja tu wa kufanyia majaribio. Alichora juu yake, mteja akasema kichwa cha kinyozi kimekuwa kikubwa, naye akachovya kitambaa kwenye tapentaini, akafuta, akachora kichwa kingine palepale. Hakuwahi kununua ubao wa pili na alijisifia jambo hilo mbele za watu. Ubao ule ulizeeka naye, mgumu na mzito kwa matabaka ya vichwa vya vinyozi visivyoonekana tena.

Yeye ndiye aliyempa mdogo wake jina la Sindano, kwa sababu utotoni alikuwa mwembamba na maneno yake yalichoma. Wembamba uliisha. Jina lilibaki.

Baada ya mke wake kufariki, Rangi Mbili aliishi na Mama katika nyumba ileile waliyozaliwa. Mama magoti yalikuwa yamemchoka, kwa hiyo mgeni alimsindikiza mpaka mlangoni tu. Hapo aliegemea mwimo, akainua mkono mmoja mpaka usawa wa sikio, akauacha hapo. Hakuupunga. Aliuinua tu, kama mtu anayetaka kuuliza swali darasani, na hakuushusha mpaka mgeni apotee kwenye kona ya gereji. Watoto wake wote wawili walikuwa na mazoea ya kugeuka pale konani kuutazama.

Mara ya mwisho Sindano hakugeuka. Alikuwa amebeba begani gauni la bibi harusi ndani ya mfuko wa nailoni, na bibi harusi mwenyewe alikuwa ameshapiga simu mara tatu. Alimsikia Mama akisema nyuma yake, "Haya, uende salama," naye akajibu bila kuzungusha shingo, "Asante, Mama." Siku ya nne Mama akafariki. Hakuna video ya Mama. Picha iliyopo ni ile ya kitambulisho, Mama amekaza midomo kama mtu anayesomewa mashtaka.

Mwaka uliofuata kiharusi kilimpiga Rangi Mbili upande wa kulia. Mguu ulirudi kidogo kidogo, mkono haukurudi. Ngazi yake akaichukua mchoraji mwingine wa mtaa wa mbali. Rangi Mbili akawa mtu wa kukaa sebuleni akiutazama ule mkono ulivyolala pajani. Sindano alikuja kila Jumapili baada ya ibada, akamwogesha, akamkata kucha, akaomba naye, akarudi kwake akiwa hajui la kufanya zaidi.

Kompyuta ililetwa na binti wa Rangi Mbili, ambaye ni mwalimu mji mwingine. Ilikuwa ya zamani, ya mezani, yenye feni inayovuma kama mashine ya kusaga. Kusudi lake lilikuwa baba apate kusikiliza mahubiri. Mahubiri aliyasikiliza wiki moja. Wiki ya pili Printa alipokuja kumsaidia kuiwasha, alimwonyesha mpira wa kuchorwa unaodunda.

"Nani anausukuma?" Rangi Mbili akauliza.

"Hakuna anayeusukuma, mzee. Ni picha tu. Hii hapa mpira uko juu, hii umeshuka kidogo, hii umeshuka zaidi. Zikipita haraka, jicho linadhani ni mpira mmoja."

"Picha ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Kumi na mbili tu?"

"Kwa sekunde moja, mzee."

Rangi Mbili aliurudia mpira ule mara tatu. Jioni ile akampigia simu mdogo wake. "Sindano, nitakuchorea Mama akiinua mkono," akasema. "Safari hii utageuka."

Sindano alicheka, halafu akaketi juu ya marobota ya vitambaa. Tangu siku hiyo hakukuwa na kitu duniani alichokitaka kama hicho. Katika sala zake za asubuhi aliacha kuiombea biashara yake, akawa anakiombea kipanya cha kompyuta.

Kipanya chenyewe hakikuwa na adabu. Mkono wa kushoto wa Rangi Mbili haukuwahi kushika brashi maisha yake yote. Ulikuwa mkono wa kushikilia kopo la rangi. Printa alimwekea programu ya bure ya kuchora katuni, akamwambia aanze na mpira. Mpira wa kwanza ulitoka na pembe.

"Hiki ni kiazi," Sindano akasema.

"Ni mpira uliokanyagwa na gari. Kaa kimya uone."

"Kaka, unadunda ukielekea juu na haurudi."

"Umepata wokovu," akasema Rangi Mbili, na wote wawili wakavunjika mbavu. Kicheko cha namna hiyo hakikuwa kimesikika ndani ya nyumba ile tangu Mama aondoke.

Baada ya mpira akasema haoni sababu ya kuendelea na mazoezi, kwa kuwa hakuahidi mtu mpira. Akamchora Mama: khanga kiunoni, kitambaa cha jikoni begani, mashavu, ule mgongo ulioanza kuinama. Mistari ilitetemeka, lakini alikuwa ni Mama. Akatangaza kwamba sasa anamtembeza, na asisumbuliwe. Akafanya kazi mwezi mzima. Sindano akija Jumapili alikuta kompyuta imefunikwa kitambaa cha meza. Kaka yake hakutaka aone kabla haijaiva.

Jumapili ya tano alimkuta amevaa shati lililopigwa pasi.

"Keti. Leo unamwona Mama."

Alifunua kompyuta, akasogeza mshale polepole, akabonyeza. Mama alisimama jikoni, mguu mmoja mbele. Akabonyeza tena. Mama akaendelea kusimama.

"Amegoma," Rangi Mbili akasema.

"Ndivyo alivyokuwa hata alipokuwa hai. Mpe muda."

Wakampa muda. Walikaa wakikitazama kioo kama watu wanaomsubiri mgeni aliyesema yuko njiani. Rangi Mbili akaulaumu umeme, akaizima, akaiwasha. Mwishowe Sindano akavuka barabara kumwita Printa, ambaye alikuja na sahani yake ya chakula mkononi, akainama, akatafuta huku na huku.

"Mzee, kurasa nyingine ziko wapi?"

"Zipi?"

"Hapa kuna ukurasa mmoja tu. Mwezi mzima umechora picha moja?"

"Nimechora sitini, kama si zaidi. Nikimaliza mguu naufuta, nauchora tena mbele kidogo. Ningechoraje mguu mpya na ule wa zamani bado uko pale?"

Printa akamtazama Sindano. Sindano akatazama sakafu.

"Mzee wangu, hapa kila picha ina ukurasa wake. Ukimaliza moja, unafungua nyingine. Hazimaliziki. Hakuna kinachofutwa."

"Hakuna kinachofutwa," Rangi Mbili akarudia, kama anayesikia habari za nchi ngeni. "Sasa zile sitini zimekwenda wapi?"

"Hazipo, mzee."

"Haikumbuki hata moja?"

"Inakumbuka ulichoiambia ikumbuke."

Rangi Mbili akacheka mpaka machozi yakamtoka. Kicheko kikaisha, machozi yakaendelea. Sindano alisimama nyuma ya kiti chake, mikono mabegani mwake. Yeye ni fundi. Nguo ikiharibika huwa anatafuta uzi, anauvuta, anafumua, anaanza upya. Hapa hapakuwa na uzi wa kushika. Alirudi nyumbani kwake jioni ile akamwuliza Mungu, kwa heshima lakini bila kuficha, kwa nini mtu aliyenyang'anywa mkono anyang'anywe pia mwezi wake mzima wa kazi.

Jumatatu Rangi Mbili alianza tena, ukurasa wa kwanza.

Printa alimfundisha jambo lililomfurahisha kuliko yote: ukifungua ukurasa mpya, picha ya ukurasa uliopita huonekana kwa mbali chini yake, imefifia, ili ujue pa kuanzia. Rangi Mbili alimwita Sindano kwa simu kwa ajili ya hilo tu. "Njoo uone. Naichora leo ya Mama na jana yake naiona chini." Alimaliza ukurasa mmoja kwa siku, siku nyingine mbili, siku nyingine mkono ulikuwa mzito na hakumaliza hata kichwa. Kuna wiki shinikizo la damu lilipanda, daktari akamkataza kukaa zaidi ya saa moja. Alitii siku mbili.

Kisha ikaonekana kwamba Mama anaelea. Miguu ilikwenda, ndiyo, lakini mwili ulisogea kama sanduku linalovutwa kwa kamba. Printa akamshauri awaangalie watu wanavyotembea. Kwa hiyo akahamia barazani na daftari, akawa anawatazama akina mama wanaotoka sokoni, hasa wenye umri na wenye mizigo.

"Rangi Mbili," jirani akamwita kutoka ng'ambo, "na umri huo bado unahesabu hatua za wake za watu?"

"Nahesabu magoti tu, jirani. Mengine nimestaafu."

Magoti yale yalimsaidia. Aligundua kwamba mtu mwenye magoti mabovu hutembea kwa bega. Bega hushuka kwanza, ndipo mguu unafuata. Alipomchora Mama hivyo, Sindano alilazimika kwenda jikoni kunywa maji. Ilikuwa ni yeye hasa. Ilimchukua Rangi Mbili miezi minne kumtoa Mama jikoni, kumpitisha sebuleni na kumfikisha mlangoni. Ukiiangalia ni sekunde tatu na nusu.

Ukabaki mkono.

Jumapili ile alimwambia Sindano asimame mlangoni badala ya Mama, na kitambaa cha jikoni begani, ili aone mkono unavyopanda.

"Inua. Kidogo tu. Simama hapo. Kidogo tena."

"Kaka, mkono unakufa ganzi."

"Jikaze. Wangu umekufa ganzi mwaka mzima na sijasema kitu. Hebu ngoja. Huo ni mkono gani?"

"Wa kulia."

"Mama alikuwa anainua wa kushoto. Wa kulia alikuwa ameshikia mwimo."

"Wa kulia, kaka. Alikuwa anaegemea kwa bega, hakushika kitu."

"Nimeishi naye hapa miaka sita."

"Na mimi nimeagwa naye hapa miaka ishirini. Wa kulia."

"Wewe utakumbuka nini?" Rangi Mbili akasema. "Wewe hukugeuka."

Feni ya kompyuta iliendelea kuvuma. Sindano alikitoa kitambaa begani, akakikunja mara nne, akakiweka mezani kando ya kipanya. Rangi Mbili alianza kujinyanyua kitini, mguu ukamchelewesha.

"Chora unavyojua," Sindano akasema. Akachukua mkoba wake akatoka. Alipita kona ya gereji akitazama mbele. Hajui kama kaka yake aliwahi kufika mlangoni.

Jumapili iliyofuata hakwenda. Alituma ujumbe kwamba ana sare nyingi za shule. Jibu lilikuja baada ya nusu saa, maana kaka yake aliandika kwa kidole kimoja: *Sawa mdogo wangu. Mama anasubiri.* Sindano aliusoma kanisani wakati wa matangazo, akaamua atakwenda Jumapili ijayo, na moyoni akawa ameshamsamehe, au alidhani hivyo. Alhamisi ndiyo ikaja ile simu.

Ijumaa mchana, baada ya wanawake wa kanisa kupanga viti na kuondoka, walibaki watatu sebuleni: Sindano, binti wa marehemu aliyefika alfajiri na mkoba wake wa kufundishia, na Printa. Kompyuta hakuna aliyeizima tangu jana yake. Printa akaketi, akabonyeza.

Mama akatoka jikoni. Bega likashuka, mguu ukafuata. Akapita sebuleni akiwa na kitambaa begani, akafika mlangoni, akaegemea, akainua uso na kuwatazama. Hapo akakoma.

"Irudishe," Sindano akasema.

Printa akairudisha. Waliitazama mara nyingi. Binti alilia bila sauti. Alisema bibi yake alikuwa anaegemea vilevile, vilevile kabisa. Kisha Printa akahesabu kurasa. Zilikuwa arobaini na tatu zenye picha. Akafungua ya arobaini na nne.

Mama hakuwepo, ila kile kivuli chake kilichofifia kutoka ukurasa uliotangulia. Juu ya kivuli kulikuwa na maandishi makubwa ya bango, nyekundu na bluu, herufi zimetetemeka lakini zimepangwa vizuri, kila moja na nafasi yake: HAPA NGOJA SINDANO ASEME NI UPI.

Printa aliondoa mkono wake kwenye kipanya.

"Shangazi," binti akasema, "ulikuwa upi?"

Sindano alifumba macho. Aliiona kona ya gereji, aliuona mlango, alimwona Mama. Mkono uliokuwa juu alipoutafuta, mara ulikuwa huu, mara ule. Alijaribu kumweka Mama vizuri, bega kwenye mwimo, akashindwa. Miezi yote ile alikuwa na uhakika, na sasa mtu pekee wa kubishana naye alikuwa hayupo, na uhakika wenyewe ulikuwa umeondoka naye.

"Sijui," akasema.

"Niambie upande wowote, dada," Printa akasema kwa upole. "Ni picha kama kumi. Naweza kumalizia."

"Hapana. Nipishe."

Akaketi kwenye kiti cha kaka yake, akashika kipanya. Mikono hiyohiyo inatunga uzi gizani, inashona vifungo bila kutazama. Alitaka mstari mmoja tu, kutoka begani kwenda juu. Mstari ukatoka umepinda, ukakatiza uso wa Mama. Printa akamwonyesha pa kubonyeza ili uondoke. Akajaribu tena. Ukatoka mbaya kuliko wa kwanza. Mara ya nne aliweka kipanya chini, akaviweka viganja vyake mapajani, akaomba, si kwa sauti. Hakuomba ajue kuchora. Aliomba aambiwe ni mkono upi. Hakuambiwa.

"Iache hivyo," akasema. "Usifute maandishi yake."

Printa akahifadhi. Ndipo akauliza, akiona aibu kidogo, nani ataandika msalaba. Wakatazamana. Mtaani kwao, kwa miaka thelathini na mmoja, misalaba yote iliandikwa na mtu mmoja.

Maziko yalikuwa Jumamosi saa nane mchana. Ibada ilikuwa fupi kwa sababu mawingu yalikuwa yamejikusanya. Mchungaji alisoma, akaomba, akasema marehemu alitumia vizuri kile Mungu alichomwachia. Wanakwaya waliimba nyimbo mbili. Wanaume sita walibeba jeneza, wawili kati yao mafundi wa gereji, na walilishusha kwa kamba polepole, upande wa miguu ukitangulia kidogo. Binti alitupa udongo, kisha Sindano, kisha jirani, kisha Printa, kisha wengine.

Msalaba ulikuwa wa mbao, umepakwa rangi nyeupe. Jina lake kamili, ambalo wengi mtaani walikuwa hawajawahi kulisikia, lilikuwa limechapishwa kwa wino mweusi kwenye karatasi, karatasi ikaingizwa ndani ya plastiki na kubanwa kwa pini nne. Printa alikuwa ameichapisha asubuhi ile.

Watu walianza kuondoka kuelekea magari. Sindano alitembea pamoja nao hatua kama ishirini, kisha akasimama, akageuka. Wachimbaji wawili walikuwa wanasawazisha udongo kwa mgongo wa koleo. Msalaba ulikuwa umeinama, mmoja wao akaunyoosha na kuushindilia kwa mguu. Sindano alisimama akitazama mpaka walipomaliza, wakakusanya kamba zao, wakaondoka.

"Shangazi," binti akamwita, "gari linatusubiri."

Alitazama tena kidogo, kisha akaenda.